Mtihani wa Kiingereza: nianze na sarufi, insha au uchambuzi wa hadithi?

Msomi_wa_Usiku
Habari zenu. Nimebakiwa na wiki tano kabla ya mtihani wa Kiingereza, na muda wangu wa marudio ni saa moja tu kwa siku. Nafikiria njia tatu. Moja, nipitie kitabu cha sarufi sura kwa sura na mazoezi yake yote. Mbili, niandike insha kila baada ya siku mbili. Tatu, nisome hadithi fupi na kuzichambua, maana maswali ya wahusika na dhamira ndiyo yanayonimalizia alama. Zote tatu kwa mpigo sitaziweza. Mliokwisha kupita njia hii, ipi iliwafaa?

Kistari
Sarufi, ila usimalize kitabu kizima. Sisi tunaofikiri kwa Kiswahili makosa yetu yanajirudia, na hayazidi matano au sita. "Yeye" wetu ni mmoja, kwa hiyo mama anaanza sentensi akiwa "she" na kuimaliza akiwa "he". Kiswahili cha mazungumzo kinatuvumilia tukisema "nimemwona jana", lakini Kiingereza hakikubali: ukishataja "yesterday" ni "I saw him", basi. Tunasema "baba yangu anafanya kazi", ile "a-" tunaihamisha nzima nzima, inatoka "my father he works".

Kuna na ile "s". Upatanisho wetu hukaa mwanzoni mwa kitenzi, wao huuweka mwishoni, tena kwa nafsi ya tatu umoja katika wakati uliopo tu: "the boy runs", "the boys run". Herufi ileile inaonyesha wingi kwenye nomino na umoja kwenye kitenzi! Ongeza "a" na "the", ambazo sisi hatuna kabisa. Hayo tu, wiki moja yanatosha.

Wino_Mweusi
Kaka Kistari, orodha yako ni nzuri, lakini pa kuanzia sipo hapo. Nilimaliza kitabu cha sarufi mara mbili. Kwenye mazoezi nilikuwa napata karibu yote, nikija kwenye insha makosa yaleyale yananisubiri. Zoezi hukuambia mapema unachotakiwa kukiangalia, insha haikuambii kitu. Mwaka 2007 Steve Graham na Dolores Perin walikusanya tafiti nyingi za ufundishaji wa uandishi. Kufundisha sarufi peke yake, mbali na uandishi, hakukuboresha maandishi ya wanafunzi. Kilichosaidia sana ni kufundishwa hatua za kupanga, kuandika na kusahihisha, na hata zoezi la kuunganisha sentensi fupi kuwa moja ndefu lilisaidia.

Msomi, fanya hivi. Andika leo, usisome hadi kesho. Kesho isome kwa sauti mara tatu, kila mara ukisaka kosa la aina moja tu: kwanza nyakati za vitenzi, kisha upatanisho, kisha "a" na "the". Ukisaka yote kwa pamoja, macho yanayaruka. Kila kosa liingie kwenye daftari lake: sentensi mbovu kushoto, iliyonyooka kulia, na chini yake sababu kwa maneno yako mwenyewe. Baada ya insha nne daftari litakuonyesha sura zipi za kitabu unazihitaji.

Kistari
Daftari nalikubali. Ila mtoto aliyekua akisikia Kiingereza, sikio lake linamstua akikutana na "he go". Wengi wetu sikio hilo hatuna. Mtu hawezi kusaka kosa asilolijua, ndiyo maana nikasema wiki moja kwanza.

Mama_Kurasa
Mdogo wangu Msomi, mwenyewe umesema alama zinapotelea kwenye hadithi, na wenzangu wamelipita hilo. Nimesahihisha majibu mengi ya aina hii. Kosa kubwa ni kuulizwa dhamira ukajibu kwa kusimulia hadithi upya. La pili ni kutaja mada ukidhani umetaja dhamira. "Umaskini" ni mada. "Umaskini unaweza kumfanya mtu mwaminifu aseme uongo ili kuilinda familia yake" ni dhamira, kwa sababu ni kauli inayoweza kubishaniwa na kuthibitishwa kwa matukio.

Mhusika naye, usiishie kusema ni mchoyo. Onyesha alichofanya au alichosema, halafu uchoyo huo ulisukuma mgogoro kwenda wapi. Mandhari ijaribu kwa swali moja: hadithi hii ikihamishiwa mahali na wakati mwingine, nini kitavunjika? Na msimulizi anayesema "mimi" si mwandishi. Tafadhali sana.

Kuhusu ule mchoro wa mlima unaoonyesha mtiririko wa hadithi, wenye sehemu tano na kilele katikati: mwandishi Gustav Freytag wa Ujerumani aliueleza mwaka 1863 akizungumzia tamthilia, hasa za tanzia zenye matendo matano. Hadithi fupi nyingi hukaribia kuishia palepale kwenye kilele, kwa hiyo usilazimishe sehemu zote tano.

Hadithi tatu ulizozichambua barabara zinatosha.

Jaribu_Tena
Njia yoyote utakayochagua, funga kitabu ujiulize maswali. Wanasaikolojia Roediger na Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba baada ya wiki moja, waliojipima walikumbuka zaidi kuliko waliosoma tena na tena. Walioridhika kusoma tena waliongoza dakika tano tu baada ya kusoma.

Msomi_wa_Usiku
Asanteni sana. Nimeamua: wiki ya kwanza orodha ya Kistari, kisha kila wiki insha mbili pamoja na nusu ya hadithi moja, na daftari. Jana niliandika hivi: "Yesterday my uncle he has come with a letter. He was smile but his hands was shaking. When I read letter, I understand why." Leo nimesahihisha: "Yesterday my uncle came with a letter. He was smiling but his hands were shaking. When I read letter, I understood why." Kuna kilichobaki?

Wino_Mweusi
Umeona mengi! Limebaki "read letter". Barua ilipoingia mara ya kwanza ilikuwa "a letter". Sasa msomaji anaijua, kwa hiyo ni "the letter". Weka pia koma kabla ya "but", maana pande zote mbili ni sentensi kamili.

Mama_Kurasa
Mjomba anatabasamu huku mikono inatetemeka. Hukutuambia ana hofu, tumeiona wenyewe, na hiyo ndiyo kazi ya kumjenga mhusika. Sasa sentensi ya nne usituambie barua inasema nini. Mwache mama aingie kwanza, aulize kuna nini.