Pumzi ipo ila miguu inazima dakika ya 30, naombeni ushauri

Winga Teleza: Habari za jioni wakuu. Nacheza ndondo huku Mbagala, namba 11. Mazoezi ya asubuhi nakimbiza beki mpaka anaomba maji. Ikija mechi ya Jumapili saa 10 jioni, dakika ya 30 tu miguu mizito, pasi ya mita tano inatoka nje. Nimepima malaria na damu, niko fresh. Zile dawa za kuongeza stamina zina madhara?

Fundi Kiatu: Achana na dawa, kunywa uji wa ulezi. Enzi zetu Tanga tulikula mihogo na chai ya rangi, tunamaliza 90, halafu tunarudi kwa miguu. Kipa wetu alikuwa na jicho moja na hafungiki.

Mama Wawili: Jumamosi usiku unalala wapi? Anzia hapo.

Winga Teleza: Nalala kwetu, dada.

Tabibu Mtarajiwa: Siku ya mechi, kuanzia saa 6 mchana unafanya nini?

Winga Teleza: Nakaa tu kijiweni na simu.

Tabibu Mtarajiwa: Simu unaifanyia nini?

Winga Teleza: Haya basi. Naandaa mikeka ya kubeti. Washkaji kama kumi wananitegemea niwachambulie ligi za Ulaya, napiga hesabu mpaka saa 9 na nusu. Lakini nimekaa kwenye benchi wakuu, sijainua hata ndoo! Na siachi, hela ya viatu inatoka hapo. Dawa yenyewe nishalipia nusu.

Tabibu Mtarajiwa: Ndiyo hiyo inayokumaliza. Mwaka 2009 Samuele Marcora na wenzake, Chuo Kikuu cha Bangor kule Wales, walichukua watu 16. Siku moja dakika 90 za kazi ya kompyuta inayotaka umakini, siku nyingine wanaangalia filamu za treni na magari, kisha baiskeli mpaka mtu ashindwe. Siku ya filamu walidumu wastani wa sekunde 754, siku ya kompyuta 640. Moyo ulikuwa unafanya kazi vizuri tu, ila baiskeli ileile waliiona nzito mapema. Na 2016 wachezaji mpira walipewa dakika 30 za kutaja rangi ya wino wakati neno linasema rangi nyingine. Wakakimbia pungufu, pasi zikaharibika.

Mzee wa Data: Msimtishe dogo. Hizi habari za nguvu ya kujizuia kuisha kama bando zilivuma na mwanasaikolojia Baumeister mwaka 1998: waliojizuia biskuti wakala figili walikata tamaa mapema kwenye fumbo. 2016 maabara 23 zikapima upya, karibu hazikuona kitu.

Tabibu Mtarajiwa: Hizo zilipima kazi ya dakika chache. Huyu anakamua akili zaidi ya masaa matatu.

Mchunguzi: Hii chai. Mwezi uliopita ulifungua uzi unaulizia dawa ya kitambi, ukasema ukipanda ngazi unahema. Leo unakimbiza beki?

Winga Teleza: Ule niliandika kwa niaba ya braza. Simu ni moja.

Mchunguzi: Na anayecheza namba 11 ni nani kati yenu?

Fundi Kiatu: Chai ishachemka, leteni vitumbua 😂

Mama Wawili: "Kwetu" ndiyo wapi?

Tabibu Mtarajiwa: Chai au siyo, Jumapili hii zima simu saa 6, lala, kisha kacheze. Utaona mwenyewe.

Winga Teleza: Jumapili hii haiwezekani mkuu, hela za watu nishapokea. Labda ijayo. Sasa muuza dawa atanirudishia ile nusu?