Ndege inatua Fiumicino saa 6 mchana, meli inaondoka Civitavecchia saa 11 jioni, nitawahi kweli?

Bi_Tausi:
Wakuu habari zenu, naombeni msaada kwa wanaojua haya mambo ya meli za kitalii. Nasafiri na mama yangu mzazi (mguu unamsumbua, mwendo mrefu hawezi) pamoja na mwanangu wa miaka 9, baba yake hatakuwepo. Meli tunapandia Civitavecchia, ile bandari wanayoiita ya Roma, inapita Napoli, inaenda visiwa vya Ugiriki, inagusa Kuşadası kule Uturuki halafu inarudi pale pale ilipoanzia.

Sasa ndege niliyoipata inatua Fiumicino (uwanja wa ndege wa Roma) saa 6 mchana siku hiyo hiyo ya kupanda meli, na meli inaondoka saa 11 jioni. Kwa hesabu yangu hapo nina masaa matano naona kama yanatosha ila mdogo wangu kanikazania nisithubutu. Tiketi bado sijalipia. Je yanatosha? Tuchukue treni au gari? Na siku yenyewe ya kupanda inakuwaje jamani, mizigo anabeba nani, chumba unapewa saa ngapi, maana email ya kampuni ni ndefu na kila nikiisoma nazidi kuchanganyikiwa.

Mwanabahari:
Dada usilipie hiyo tiketi. Mdogo wako yuko sahihi.

Saa 11 ni saa ya meli kung'oa nanga, sio saa yako wewe. Saa yako ni ile ya kufunga chekini, na kampuni nyingi zinafunga dakika 60 hadi 90 kabla ya kuondoka, iangalie kwenye tiketi yako imeandikwa. Na sio kwamba wana roho mbaya, orodha ya abiria inabidi ifungwe na kupelekwa kwa mamlaka, bandari za Marekani kwa mfano ni sheria kabisa kwamba orodha iwe imewafikia watu wa mipaka dakika 60 kabla ya meli kuondoka, ukifika zimebaki dakika 40 unaiona meli hiyo hapo na hupandi.

Kwahiyo tuseme mwisho wako ni saa 9 na nusu. Ndege itue saa 6 kamili bila kuchelewa hata kidogo, mama kama mmemuombea kiti cha magurudumu mara nyingi anashushwa wa mwisho, halafu kuna foleni ya paspoti, na tangu Oktoba 2025 Ulaya wameanza ule mfumo wa EES wa kuchukua alama za vidole na picha kwa wageni kwahiyo foleni mahali pengine zimekuwa ndefu zaidi, halafu msubiri mabegi. Mkitoka nje saa 7 na nusu mmejitahidi sana. Kutoka Fiumicino mpaka Civitavecchia ni kilomita 60 na kitu, kwa gari kama lisaa limoja barabara ikiwa nyeupe, mnafika saa 8 na nusu. Umebakiwa na lisaa limoja tu la kubeba kila kinachoweza kuharibika njiani, ndege kuchelewa, begi kutotokea, ajali barabarani, mtoto kutapika. Hilo lisaa ni dogo mno kwa safari ya hela zote hizo.

Na kitu ambacho wengi hawakijui, ukikata ndege kupitia kampuni ya meli yenyewe halafu ndege ikachelewa, mara nyingi wao ndio wanahangaika kukufikisha. Ukijikatia mwenyewe ni juu yako, meli inaondoka na hela hairudi. Njoo siku moja kabla, lala, asubuhi uamke umetulia.

Dullah_K:
Mimi napingana kidogo na mkuu hapo juu. Nimeshashuka ndege na kupanda meli siku hiyo hiyo na mambo yakaenda vizuri tu, kulala hoteli nayo ni gharama na sio kila mtu ana likizo ya kuchezea. Kikubwa uwe na bima ya safari.

Mwanabahari:
@Dullah_K ndege yako ilitua saa ngapi? Kama ilitua saa 2 asubuhi nakuelewa, hapo ukichelewa hata masaa matatu bado unaingia. Huyu anatua saa 6 mchana, ana mzee na mtoto, na hana ndege nyingine nyuma yake ya kumuokoa siku hiyo. Bima ni lazima ndio, ila asome kipengele cha kukosa chombo cha usafiri, bima nyingi zinataka uwe umeacha muda fulani wa kutosha kati ya kutua na kuondoka, usipouacha wanakukatalia madai. Na bima inarudisha hela, likizo ya mama hairudishi.

Dullah_K:
Ilitua asubuhi kweli. Hapo kwenye mama na mtoto nakubaliana na wewe.

Msafiri_wa_Reli:
Nikusaidie kwenye usafiri maana hiyo njia naifahamu.

Treni ya moja kwa moja kutoka uwanjani Fiumicino kwenda Civitavecchia usiitegemee, unabadilisha. Watu wengi wanajikuta wamepanda Leonardo Express, ile treni ya haraka ya uwanjani, mpaka Roma Termini, stesheni kuu ya Roma, pale wanaambiwa treni za Civitavecchia zinaondokea majukwaa ya 25 kwenda mbele, ambayo yako mbali mno, unatembea na mabegi kama dakika kumi ndani ya stesheni hiyo hiyo. Haina haja. Panda ile treni ya kawaida ya FL1 kutoka uwanjani, shuka Roma Trastevere, hapo unachukua FL5 inayoenda Civitavecchia. Tiketi ya karatasi ya treni hizi za mkoa lazima uigonge kwenye ile mashine ndogo pale jukwaani KABLA ya kupanda, usipoigonga ni sawa na huna tiketi na faini utalipa pale pale. Mgeni hakuna wa kumkumbusha.

Ukishuka stesheni ya Civitavecchia bado hujafika kwenye meli, hapo ndipo watu wanapiga hesabu vibaya. Bandari ni kubwa, meli zinafunga gati mbali na huruhusiwi kujitembelea tu mpaka kwenye gati. Unaenda kwanza mahali panaitwa Largo della Pace, pale kuna mabasi ya bure ya bandari yanayokupeleka mpaka ilipo meli yako. Kutoka stesheni kuna basi la kwenda hapo Largo della Pace. Mzima mwenye begi moja hasumbuki, ila kwa mama mwenye mguu mbaya kupanda na kushuka treni mbili na mabasi mawili ni adhabu. Kwa hali yenu nyie chukueni gari binafsi la kukodi mapema kutoka uwanjani, mmeshakuwa watatu mtagawana, na gari linaingia mpaka mlangoni kwa meli. Mwambie dereva JINA la meli sio "bandarini" tu, maana siku moja zinaweza kufunga meli nne tano na kila moja ina upande wake.

Na angalia migomo. Italia migomo ya treni hutangazwa kabla, siku za kazi kuna treni za lazima saa 12 hadi saa 3 asubuhi na saa 12 hadi saa 3 usiku, katikati hapo ni bahati yako.

Mama_Karim:
Jamani wote mmerukia usafiri, mimi naogopa zaidi karatasi zake.

Bi Tausi, kama paspoti yako inahitaji viza ya Schengen (zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, Italia na Ugiriki zimo), HAKIKISHA ni ya kuingia mara nyingi. Meli inatoka Ugiriki inaenda Uturuki, pale umeshatoka Schengen, ikirudi ni kuingia mara ya pili. Ukiwa na viza ya kuingia mara moja pale kwenye chekini Civitavecchia wanaangalia ratiba ya meli, wanaangalia viza, wanakurudisha. Watu wamekataliwa mlangoni na mabegi yao, na kampuni haina kosa maana imeandikwa kwamba viza ni jukumu la abiria. Na Uturuki nayo waulize kampuni kwa email kwamba paspoti yenu inahitaji nini kwa kushuka siku moja, upate jibu la maandishi uprinti. Paspoti iwe na miezi 6 mbele baada ya safari, Schengen wenyewe wanataka 3 baada ya kutoka ila kampuni nyingi za meli zinataka 6.

La pili huyo mtoto. Baba yake hayupo, kwahiyo andaa barua ya ridhaa ya baba iliyogongwa muhuri wa mwanasheria, ina tarehe za safari na jina la meli, pamoja na kopi ya paspoti yake na cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Inawezekana usiulizwe kabisa. Ukiulizwa huna, hakuna wa kukuandikia pale.

Fanya chekini ya mtandaoni mapema ikifunguliwa tu, weka picha, namba za paspoti, kadi ya kulipia, halafu utachagua muda wa kufika bandarini. Wengi wanadhani ule muda ni wa mapambo, sio, ukifika mapema sana unasimamishwa nje juani. Kwa mama chagua wa katikati, sio wa kwanza kabisa. Na kiti cha magurudumu kiombe kwa kampuni wiki kadhaa kabla, usisubiri siku hiyo.

Kipepeo_cha_Pwani:
Ngoja nimalizie mizigo na ile siku yenyewe.

Kwenye email yao ile ndefu kuna tagi za mizigo, ziprinti, zina jina na namba ya chumba. Unakunja karatasi mara nne mpaka inakuwa kama utepe mnene, unaipitisha kwenye mkono wa begi, unapiga stepla halafu juu unazungushia selotepu pana yote yote, maana karatasi tupu inachanika begi likiburuzwa na begi lisilo na tagi linabaki kule chini likisubiri mwenyewe. Ukifika bandarini wapagazi wanayachukua mabegi makubwa pale pale nje, utayakuta mlangoni kwa chumba chako, ila yanaweza kuja hata usiku. Kwahiyo begi la mkononi ndio maisha yako ya siku nzima. Paspoti ZOTE (usiombe paspoti iwe kwenye begi kubwa), dawa za mama kwenye pakiti zake za asili, miwani, chaji, powabanki, nguo ya kubadilisha na nguo ya kuogelea ya mtoto, maana atataka kuingia bwawani dakika hiyo hiyo na mabegi bado hayajafika. Pasi ya nguo, mishumaa na birika la umeme acha nyumbani, skana inaviona na wanavichukua.

Chumba kwa kawaida ni kuanzia saa 7 mchana hivi kwenda mbele, kabla ya hapo mnakaa maeneo ya wazi, mnakula. Usisahau kuweka mama mahali pa kukaa karibu na lifti siku hiyo, lifti zinajaa kweli.

Halafu kuna zoezi la dharura, hili naomba mlichukulie kwa uzito. Costa Concordia iliondoka hapo hapo Civitavecchia jioni ya tarehe 13 Januari 2012, usiku huo ikagonga mwamba kisiwa cha Giglio, wakafa watu 32, na mamia ya abiria waliokuwa wamepanda Civitavecchia walikuwa bado hawajafanyishwa zoezi maana sheria ya wakati ule iliruhusu lifanyike ndani ya masaa 24. Baada ya hapo sheria ya kimataifa ikabadilishwa, sasa ni kabla ya kuondoka au mara tu meli inapoondoka. Meli nyingi siku hizi unaangalia video kwenye simu au tivii ya chumbani halafu unaenda kwenye kituo chako cha kukusanyikia wanaskani kadi yako. Nendeni wote watatu kwa miguu mkakione, mtoto akijue, na mwambie mfanyakazi kwamba mama hawezi ngazi ili aingizwe kwenye orodha ya wa kusaidiwa, maana king'ora kikilia kweli lifti hazitumiki. Mlio ni saba mifupi na mmoja mrefu. Jaketi la kujiokolea la mtoto likikosekana chumbani omba muda huo huo.

Bi_Tausi:
Jamani nashukuruni sana, hapo kwenye viza nimeshtuka maana nilikuwa najaza fomu ya kuingia mara moja. Tiketi nimeachana nayo, nimepata ya siku moja kabla inatua jioni. Sasa tulale wapi, Roma au Civitavecchia kwenyewe? Na Mwanabahari, ikitokea imeshindikana kabisa nikachelewa, siwezi kuidaka Napoli kesho yake?

Mwanabahari:
Inawezekana ila usiifanye ndio mpango. Kwenye karatasi zako kuna namba ya dharura ya kampuni na ya wakala wa bandari, iandike kwenye karatasi na sio kwenye simu peke yake, ukiona unachelewa piga UKIWA NJIANI, usisubiri meli iondoke. Wao ndio wanaokuruhusu au kukukatalia kupandia Napoli, kutoka Roma ni kama lisaa limoja na dakika kumi kwa treni ya kasi. Sio kila nchi inawezekana, Marekani kwa mfano kuna sheria ya mwaka 1886 inayozuia meli ya bendera ya kigeni kukupandisha bandari moja ya Marekani na kukushusha nyingine kama haijapita bandari ya mbali nje ya nchi, kwahiyo kuna ratiba ambazo ukiikosa ya kwanza ndio basi.

Msafiri_wa_Reli:
Kulala kwenu ni Civitavecchia. Ingekuwa wewe peke yako ningesema Roma karibu na stesheni ya San Pietro, FL5 inasimama pale na Vatikani unaenda kwa miguu. Ila mnatua jioni na mama kachoka, gari moja tu kutoka uwanjani mpaka hotelini Civitavecchia, asubuhi hata mkichelewa kuamka meli mnaiona. Hoteli uliza kama ina lifti kabla ya kulipia, majengo ya zamani kule mengi hayana, na waulize kama wanakuitia teksi ya mpaka kwenye meli.

Bi_Tausi:
Sawa mkuu, nawaandikia hotelini leo hii. Mama_Karim barua ya baba mtoto iwe kwa Kiingereza?

Mama_Karim:
Ndio, Kiingereza, na muhuri usomeke. Fanya nakala mbili, moja begi lako, moja begi la mama.