Mrejesho: nishati iliyokuwa ikipanda yenyewe katika uigaji wa plazima

Ndugu zangu, niliuliza kwa nini elektroni katika uigaji wangu wa kompyuta wa plazima (gesi yenye joto kali ambamo elektroni zimeachana na atomi zake) zilizidi kupata joto ilhali sikuziongezea nishati yoyote kutoka nje. Mlinishauri nilinganishe upana wa vyumba vya gridi (vipande vidogo ambavyo kompyuta hugawa eneo la plazima) na urefu wa Debye, yaani umbali ambao nguvu ya chaji moja hufunikwa na chaji zinazoizunguka, nami nimefanya hivyo. Kwa plazima yenye elektroni 10²⁰ katika kila mita ya ujazo na joto la elektronivolti 10,000 (kipimo cha nishati kinachotumiwa pia kupimia joto la plazima), urefu huo ni takriban milimita 0.07, lakini vyumba vyangu vilikuwa na upana wa milimita 1. Joto lile lilizaliwa na hesabu yenyewe. Nilipopunguza eneo na kuvibana vyumba hadi milimita 0.05, nishati ilitulia, na nilifurahi mno. Hata hivyo, kwa mtambo kama ITER, ule wa majaribio ya muungano wa nyuklia unaojengwa kusini mwa Ufaransa, ambao nusukipenyo chake kikuu ni mita 6.2, njia hii ni nzito kupita uwezo wa kompyuta, kwa hiyo sasa ninajifunza milinganyo ya jirokinetiki, ambayo huchukua wastani wa mzunguko wa kasi wa chembe zinapoizunguka mistari ya uga wa sumaku na kubakiza misukosuko ya polepole inayovujisha joto. Asanteni sana.