Mtoto mwenye kisukari anahamishiwa kliniki ya wakubwa: tupeane uzoefu

MamaPili_Busia: Binti yangu katimiza miaka 18. Sista kasema mwezi ujao tuanzie upande wa wakubwa. Anachoma insulini tangu ana miaka 7, lakini juzi daktari alipomwuliza, "Asubuhi unachoma yuniti ngapi?" akanigeukia mimi. Mimi! Mliopitia, semeni.

Dereva_Jinja: Pole dada. Wangu naye aligeuka hivyo hivyo.

Kijana_Arua: Umenikumbusha mbali. Mimi nilihamishwa nilipomaliza S.6, kidato cha sita. Kwa watoto, sista alijua mpaka jina la mbwa wetu. Huku benchi limejaa wazee, mmoja ananiuliza nimemleta nani. Faili langu lilibaki kule. Daktari hata hakuinua macho: "Sukari? Punguza ugali, meza hizi." Metformin, vidonge vya kisukari cha aina ya 2. Sikujua kumwambia kwamba yangu ni aina ya 1, mwili hautengenezi insulini. Tena nilifurahi, sindano zimekwisha! Siku ya tatu niko kwa shangazi, ndoo ya matapishi kando, nimemaliza jagi la maji na koo bado kavu, nahema kama nimefukuzwa. Shangazi anasema malaria. Jirani aliyekuja kuazima sufuria ndiye aliyeshtuka: "Mbona pumzi yake inanuka maembe yaliyooza?" Boda, mimi katikati, shangazi kanishika kwa nyuma. Nilizinduka na dripu mkononi.

MamaPili_Busia: Siku tatu tu?

Kijana_Arua: Tatu tu, mama.

Mzee_Shamba: Madawa ya kizungu hayo. Mngechemsha mwarobaini.

Sista_Mstaafu: Mzee, umesoma kweli? Kijana kakosa insulini nusura azikwe, wewe unamletea majani!

Mzee_Shamba: Mke wangu anakunywa na yuko salama.

Sista_Mstaafu: Mkeo ana aina ya 2, mwili bado unatengeneza insulini kiasi, na wewe mwenyewe ulituambia humu kwamba bado anameza vidonge. Mama Pili, usiondoke kule bila barua: aina ya kisukari, insulini gani na dozi zake, HbA1c za karibuni (kile kipimo cha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu), mara alizolazwa. Apige picha, ikae kwenye simu yake, si yako. Na siku hiyo wewe kaa nje.

Dereva_Jinja: Akae nje? Baada ya hadithi hiyo? Mama, ingia naye!

Binti_Mbarara: Mwacheni azoee. Bwenini insulini yangu ilikaa kwenye chungu ndani ya chungu, katikati mchanga uliolowa ili ipoe, chini ya kitanda. Patroni alidhani napika pombe. Ila sukari mfukoni haikosi: ya damu ikishuka nikaanza kutetemeka, vijiko vitatu vya chai kwenye maji, nasubiri dakika 15, napima tena.

MamaPili_Busia: Leo asubuhi nimempa chupa nikanyamaza. Kavuta 14, kaniangalia. Nikatazama dirishani. Kagongagonga bomba, kasukuma mapovu, kachoma. Sasa niambieni, vijiti vya kupimia sukari huko kwa wakubwa wanatoa au mnanunua?

Mzee_Shamba: Mwarobaini hununui.