Amplifaya ya zamani: nitengeneze mwenyewe, nimpe fundi au nibadili bodi?

Kijana wa Chumbageni
Wakuu, habari za leo. Babu mzaa mama kaniachia Sansui ya miaka ya 1970 hapa Tanga, pamoja na santuri zake za bendi za Black Star na Atomic Jazz. Inawaka, ila upande wa kushoto unapotea nikipunguza sauti, nikipandisha unarudi ghafla. Volyumu nayo inakwaruza. Nina mita na pasi ya kuchomea, ila uzoefu wangu unaishia kwenye waya za chaja. Nijifunzie humo, nimpe fundi, au ning'oe vya ndani nifunge bodi mpya za chipu ya amplifaya ya TDA7294?

Jirani wa Raskazone
Bodi mpya, mkuu. Rahisi, unapiga muziki jioni hiyo hiyo. Hivyo vikuukuu vina kapasita zilizokauka kitambo.

Mama Santuri
Jirani, na foni, yaani tundu la mashine ya santuri, je? Ukitupa bodi ya mbele umetupa na sakiti ya RIAA, ile inayosawazisha sauti ya santuri; bila hiyo santuri zitalia nyembamba, hazina besi. Halafu TDA7294 mwisho wake ni volti 40 chanya na 40 hasi. Transfoma ya zamani ikitoa zaidi ya hapo, chipu zimekwenda.

Jirani wa Raskazone
Foni sikuifikiria. Ila kwa mtu wa bluetooth nabaki na langu.

Fundi Kimya
Kijana, kabla ya kuchagua njia, jua ugonjwa. Ukiwasha, baada ya sekunde chache unasikia "tak"? Hiyo ni relei ya spika, swichi ya umeme inayounganisha spika. Upande unaopotea sauti ikiwa ndogo na kurudi ikiwa kubwa, mara nyingi ni kontakti za relei zimeshika kutu. Kwa hewa ya chumvi ya huku pwani sishangai. Mkwaruzo wa volyumu ni uchafu: dawa ya kusafishia swichi za umeme, kisha zungusha mwanzo hadi mwisho mara nyingi. Usipulizie mafuta ya kulegezea nati! Swichi ya "tape monitor" (ya kusikiliza kaseti) isafishe pia, hiyo huwa inazima upande mmoja watu wakalaumu transista.

Jaribu hivi, bila kufungua chochote. Zima, badilisha waya za kushoto na kulia zinazotoka kwenye mashine ya santuri. Tatizo likihamia kulia, liko nje ya amplifaya. Likibaki kushoto, rudisha hizo, kisha badilisha waya za spika: likibaki kwenye spika ile ile ya kushoto, ni spika; likihamia spika ya kulia, ni amplifaya.

Mama Santuri
Mimi naunga mkono kumpa fundi, lakini si kila fundi. Yangu ilirudi na transista za nguvu feki, za asili sikuziona tena. Ukimpa mtu, piga picha ya ndani kwanza na mwombe akurudishie alichotoa.

Kijana wa Chumbageni
"Tak" ipo. Nimebadilisha waya za mashine ya santuri, tatizo limebaki kushoto; za spika, limehamia spika ya kulia, kwa hiyo ni amplifaya. Nikifungua, nisife na umeme?

Fundi Kimya
Swali zuri kuliko la bodi. Chomoa plagi. Kapasita kubwa hubaki na chaji, mara nyingi volti 30 hadi 50 kila moja. Ziondolee kwa rezista ya kilo-ohm 1, wati 5, dakika nzima kila moja, halafu pima kwa mita. Bisibisi ya kupigia shoti waachie wenye haraka.

Ukishamaliza kazi, usichomeke moja kwa moja. Funga globu ya nyuzi ya wati 60 au 100 kwenye njia ya umeme, mfululizo na amplifaya. Globu ya LED haifai. Ikiwaka kwa nguvu kisha ikafifia, salama. Ikibaki inang'aa, zima, kuna shoti. Ikipita hapo, toa spika, pima volti za DC (umeme mnyoofu) kwenye matundu yake: milivolti 50 kushuka chini ni sawa.

Nyuma, kichagua volti kisome 220 au 240. Zilizotengenezwa kwa soko la Japani ni za volti 100, ukichomeka ukutani umeaga.

Kijana wa Chumbageni
Kinasoma 240. Relei mpya naagiza Kariakoo?

Fundi Kimya
Soma kwanza maandishi juu ya ganda lake: volti za koili, ampea za kontakti, na hesabu miguu. Tuma picha ya chini ya bodi hapa kabla hujatuma hela.