Mjadala: Ni haki kuuponda uwanja wa gofu ambao hujaukanyaga?

Kijiti: Wakuu, watu wanapanga orodha ya viwanja bora vya gofu duniani huku vingi wameviona kwenye TV tu. Si haki. Mwaka juzi nilisimama mwanzo wa shimo la 10 pale uwanja wa Augusta, Marekani, nikiwa mtazamaji. Kwenye TV ni kijiteremko. Pale unashuka karibu mita 30 mpaka kwenye grini, pale penye nyasi fupi na kishimo chenyewe! Mzee aliyekuwa mbele yangu alishuka kiubavuubavu, kamshika mwanawe begani.

Ngoma: Kwa hiyo wasio na nauli ya Marekani wanyamaze?

Kijiti: Nauli nimeitaja wapi?

Ngoma: Hukuitaja, ila umeisema. Gofu imejaa hayo majivuno.

Ramani18: Turudi kwenye mada. Alister MacKenzie, mchoraji wa viwanja, alifika Melbourne, Australia, 1926, akachora uwanja wa magharibi wa klabu ya Royal Melbourne, akaondoka, hakurudi tena. Ulifunguliwa 1931. Mchoraji mwenyewe hakuuona umekamilika! Sasa kuuhukumu uwanja kwa ramani kuna ubaya gani?

Kijiti: Ardhi yenyewe aliikanyaga, mkuu. Na aliwaacha Alex Russell na Mick Morcom waujenge. Hilo mbona umeliruka?

MamaGrini: Mimi nimecheza uwanja wa Old Course pale St Andrews, Uskoti. Shimo la 12, ukisimama kupiga mpira wa kwanza unaona nyasi tupu. Bunka, yale mashimo ya mchanga, zimejificha, kwa sababu zamani uwanja ulichezwa kwa kuelekea upande wa pili. Picha ya angani inakuonyesha zote, yaani inakufunulia kile ambacho uwanja unakuficha. Nilipiga katikati kabisa, safi, nikaukuta mpira mchangani, umeganda chini ya ukingo. Ilibidi niutoe kwa kurudi nyuma.

Ngoma: Basi uwanja mbaya. Unamwadhibu aliyepiga vizuri.

MamaGrini: Umeshauhukumu, na hujaukanyaga.

Ngoma: Nimeuhukumu kwa maneno yako wewe uliyeukanyaga.

Ramani18: Hapo dada amekamatwa.

MamaGrini: Sijakamatwa! Ukishaangukia pale mara moja, kesho yake unapiga pembeni. Huo ndio utamu wake. Ngoma, kwani wewe unacheza?

Ngoma: Sichezi. Nimebeba mikoba ya wachezaji miaka 6. Nimetembea kwenye nyasi hizo kuliko wengi wenu, na hakuna aliyewahi kuniuliza naonaje.

Kijiti: Viwanja vingapi, kaka?

Ngoma: Kimoja. Ila kila grini najua inavuta mpira upande gani mvua ikishanyesha.

Ramani18: Kimoja, halafu unaiponda St Andrews?

MamaGrini: Mwache. Ngoma, hebu tuambie, ikinyesha zinavuta vipi?