Kipilefti na kona ya kulia kwa anayejifunza gari lenye klachi

Mwanafunzi_Kisasa: Habari za jioni wakuu. Najifunza udereva hapa Dodoma. Nashindwa vitu viwili: kipilefti chenye leni mbili, na kukunja kulia pasipo na taa. Nikifika kwenye mstari gari linazimika, wa nyuma wanapiga honi, naingia kwa papara. Nirekebishe nini?

Usukani_Taratibu: Gari kuzimika mara nyingi ni kufika mstarini ukiwa bado gia namba tatu. Kama mita 50 kabla, tazama vioo, washa indiketa, shika breki hadi mwendo ushuke, ndipo uingize namba mbili. Likisimama kabisa, namba moja. Achia klachi taratibu hadi mlio wa injini ushuke na boneti iinuke kidogo, hapo imeshika. Tuliza mguu hapohapo, ongeza mafuta, kisha achia hendibreki. Wengi wakiona nafasi huinua mguu wote kwa mpigo, gari linafia katikati ya njia.

Honi isikusukume. Kwenye kipilefti mpishe anayekuja kutoka kulia kwako, basi. Unakata kushoto? Leni ya kushoto, indiketa ya kushoto. Kulia? Leni ya kulia, indiketa ya kulia, na ukishapita njia iliyo kabla ya yako washa ya kushoto ndipo utoke. Kwenda mbele huhitaji indiketa mpaka wakati wa kutoka.

MamaIpagala: Na tafadhali sana, mdogo wangu, usiwashe hazadi (indiketa zote kwa pamoja) kuonyesha unakwenda moja kwa moja. Najua barabarani wanafanya. Aliye upande wako wa kushoto anaona taa moja tu inawaka, anajua unakata kwake, anaingia. Mnagongana.

Kukunja kulia: sogea karibu na mstari wa katikati, simama, na tairi za mbele ziache zimenyooka. Ukizikunja mapema halafu ukagongwa nyuma, unasukumwa moja kwa moja mbele ya gari linalokuja. Kunja usukani gari likishaanza kutembea.

Mwanafunzi_Kisasa: Asante dada. Bodaboda je? Naangalia simwoni, mara huyo hapa.

Usukani_Taratibu: Amefichwa na nguzo ya pembeni ya kioo cha mbele. Ni nyembamba machoni pako, lakini pikipiki nzima inajificha nyuma yake, na kama mwendo wenu unalingana inaendelea kufichika hadi mkutane. Usigeuze shingo tu: sogeza kifua mbele, rudi nyuma, ndipo utazame kulia, kushoto, kulia tena. Ukikata kushoto, angalia na saitimira ya kushoto, maana wanapenda kupenya huko.

Jioni ukielekea upande wa Bahi jua linakupiga usoni. Shusha kizuia jua na ufute vumbi kiooni kabla ya kuondoka.

MamaIpagala: Semitrela ikiwasha indiketa ya kushoto, kaa nyuma yake hata kama imeacha uwazi. Inajitanua kulia kwanza, kisha trela linafagia kona yote.